Kurudi Kitabuni: Mapenzi ya Kusoma na Kuandika Hayana Umri

(Mada iliyosomwa mbele ya wakazi wa kata)



Mada ya leo haihusu bomba la maji, barabara wala zahanati, mambo ambayo kwa kawaida ndiyo hujaza mikutano ya kata. Inahusu uwezo ambao kila aliyepita darasani anao kichwani mwake, na ambao wengi wameuacha upate kutu: uwezo wa kusoma na kuandika kwa hiari, pasipo mwalimu wa kusahihisha wala mtihani wa kupita.

Hoja yenyewe ni moja. Mtu mzima aliyependa kusoma na kuandika alipokuwa mtoto hakuyapoteza mapenzi hayo. Aliyaweka kando kwa sababu zinazoeleweka, na anaweza kuyarudia akiwa na umri wowote. Anayetaka kuyarudia aanze na kile kinachomfurahisha. Manufaa yatafuata, nayo si madogo.

Mapenzi yalivyoanza

Wengi waliokaa hapa walikuwa wasomaji kabla ya kutimiza miaka kumi. Mtoto aliyekwisha kuunganisha herufi hakuacha kitu kipite. Alisoma jina la duka, maandishi ya ubavuni mwa basi, gunia la mbolea, na kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Hadithi ikikatikia pale karatasi ilipochanika, alibuni mwisho wake mwenyewe. Huo ulikuwa uandishi, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Jioni kulikuwa na hadithi za bibi, na kwa waliokuwa na redio kulikuwa na kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtoto alijifunza kusubiri, kukisia na kukumbuka, na hayo ndiyo mambo yanayomfanya mtu afungue ukurasa wa pili baada ya wa kwanza.

Palikuwa pia na kazi moja ya heshima. Barua ikifika kutoka mjini, mtoto aliitwa aisome mbele ya wazee. Alisimama katikati ya uani akitamka salamu za kila mtu kwa jina lake, kisha akaketi kuandika majibu aliyotajiwa. Ndiye aliyejua kwamba shangazi anaumwa na kwamba ada imechelewa. Ndiye aliyejua pia lipi la kusoma kwa sauti na lipi la kunong'ona sikioni kwa babu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alishika siri za ukoo kwa sababu alijua kusoma. Si ajabu kwamba alikipenda kitabu.

Mapenzi yalivyowekwa kando

Tangu hapo imekuwaje? Lawama nyingi huelekezwa kwenye uvivu, lakini uvivu hautoshi kuwa jibu. Sababu ni zaidi ya moja.

Ya kwanza ni mtihani. Kitabu kilichosomwa kwa furaha kiligeuzwa kuwa chanzo cha hoja za kukariri. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alipewa tamthiliya au riwaya, akaambiwa atafute dhamira, ujumbe, migogoro na falsafa ya mwandishi. Kazi hiyo ina thamani yake. Hata hivyo, wapo waliomaliza shule wakijua hoja sita za kitabu ambacho hawakuwahi kukisoma chote, kwa kuwa muhtasari ulitosha. Siku mtihani ulipokwisha, na kitabu kikafungwa moja kwa moja.

Ya pili ni lugha. Katika shule za serikali, mtoto husoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akiingia kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Kijana aliyekuwa akisoma ukurasa kwa pumzi moja alijikuta akisimama kila mstari kutafuta maana. Kusoma kuligeuka mzigo mzito, na wengi walihitimisha kwamba wao si watu wa vitabu. Kilichokuwa kigumu kilikuwa lugha mpya.

Ya tatu ni maisha yenyewe: shamba, duka, bodaboda, ndoa, malezi. Simu nayo ilichukua nafasi ya barua. Ni chombo cha manufaa makubwa, lakini ujumbe wa maneno manne hauhitaji mtu akae chini na kupanga mawazo yake kama ilivyohitaji karatasi yenye kurasa mbili.

Ya nne hutajwa mara chache, na pengine ndiyo rahisi kuliko zote kuiondoa. Ni macho. Kuanzia umri wa takriban miaka 40, lenzi ya jicho huanza kukakamaa na kushindwa kulenga vitu vya karibu. Hali hii humpata karibu kila binadamu, hata yule ambaye macho yake yalikuwa imara siku zote. Maandishi huonekana kama yanaogelea, kichwa huuma, na msomaji husogeza karatasi mbali hadi mkono unakwisha. Wengi hudhani wamechoka au wamesahau kusoma, kumbe wanahitaji miwani ya kusomea. Yeyote aliyeacha kusoma katika umri huo aanzie kwenye kituo cha afya, aulize huduma ya macho inapatikana wapi, kabla hajajihukumu.

Hasara ya kuacha

Huenda mtu akauliza: kuna ubaya gani mkulima asiposoma hadithi? Swali hili lijibiwe kwa mambo yanayotokea katani.

Kila kijiji hutakiwa kuwa na Mkutano Mkuu walau mara moja katika kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Taarifa hiyo ni haki ya mwananchi. Lakini karatasi yenye tarakimu na maelezo, ikitazamwa na watu walioacha kusoma kwa miaka ishirini, hupitwa kama tangazo la mnada uliokwisha fanyika. Fedha ni za wananchi, maelezo yako mbele yao, na hakuna wa kuuliza swali.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba hudaiwa katiba, kumbukumbu za vikao na andiko la mradi. Kikundi kisicho na mtu wa kuandika hulazimika kumlipa mtu wa nje, na mara nyingine wanachama hutia saini katiba ambayo hawajaisoma. Mgogoro ukizuka, hugundua kwamba karatasi waliyoisaini inasema jambo ambalo hawakukubaliana.

Ni hayohayo kwa mkataba wa kukodisha shamba, hati ya mauziano ya kiwanja na maelekezo ya dawa ya mifugo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini inamhusu kila mwenye shamba, ng'ombe au mtoto wa kumsomesha.

Nchi hii inalifahamu jambo hili kwa undani. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni zikafuatana. Watu walikaa chini ya miembe, kwenye maghala na katika madarasa baada ya watoto kutoka, wakajifunza. Kufikia mwaka 1986 takwimu rasmi zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki takribani asilimia 10.

Katika safari hiyo likaonekana jambo lingine: aliyefuzu bila kupata kitu cha kusoma alianza kusahau. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijijini, na katika Kanda ya Ziwa likachapishwa gazeti la wasomaji wapya lililoitwa Elimu Haina Mwisho. Funzo lake halijachakaa. Anayejua kusoma na hasomi, taratibu hufanana na asiyejua.

Waliosoma na kuandika wakiwa kazini

Wapo watakaosema hawana nafasi. Ni vema wakumbushwe watu wawili ambao nao hawakuwa na nafasi.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962, hakuwa mtu wa kukaa akiandika kutwa nzima. Alikuwa mtumishi wa serikali ya wakati ule: karani wa forodha Pangani, kisha akahamishiwa Mpwapwa katika idara ya mifugo, kisha akarudi Tanga kwenye ofisi za utawala na upimaji. Tenzi, insha na riwaya zake alizipata katika saa zilizobaki baada ya kazi za ofisi. Barua alizomwandikia ndugu yake kati ya mwaka 1931 na 1958 zimehifadhiwa na kuchapishwa kuwa kitabu. Hizo zilikuwa barua za kifamilia, za aina ambayo mtu yeyote hapa angeweza kumwandikia nduguye.

Mwalimu Julius Nyerere naye alitafsiri tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963 akiwa kiongozi wa nchi iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu. Hakuridhika, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ikatoka tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. Mtu mwenye taifa zima mikononi alitenga muda wa kutafuta neno la Kiswahili linalofaa kwa kila mstari, kisha akarudi kuusahihisha. Hakuna aliyemtuma. Aliipenda kazi hiyo.

Mifano hii haitolewi ili kila mkazi awe mwandishi mashuhuri. Inatolewa ili ionekane kwamba muda wa kusoma na kuandika haukuwahi kuja wenyewe hata kwa hao. Ulitengwa.

Namna ya kurudi

Njia ya kurudi haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kuanza kwa udogo na kwa kile kinachopendeza.

Jambo la kwanza linalopendekezwa ni kurudia kitabu kimoja cha shuleni, mara hii bila mtihani. Aliyesoma Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo akiwa na miaka 17 aliandika hoja kuhusu umaskini na nafasi ya mwanamke. Leo ana miaka 38, ana watoto wawili shuleni. Akikifungua tena na kumkuta Mama N'tilie akiuza chakula ili watoto wake, Zita na Peter, wasifukuzwe kwa kukosa ada na sare, hatatafuta dhamira. Atamjua mama huyo. Pengine atafunga kitabu kwa muda, atazame nje, kisha aendelee.

Vivyo hivyo kwa Takadini cha Ben Hanson, ambamo Sekai anakimbia kijiji chake ili kumwokoa mwanawe mwenye ualbino. Mzazi hukisoma kitabu hicho tofauti na mwanafunzi. Na aliyepata kuwa karani wa sensa mwaka 2022 atacheka na kuhuzunika kwa pamoja akirudia Ngoswe cha Edwin Semzaba, ambamo mtumishi aliyetumwa kuhesabu watu anatekwa na mapenzi hadi karatasi za takwimu zinateketezwa kwa moto. Vitabu hivi vimekaa vichwani mwa watu nusunusu. Kuvimalizia ni kama kumalizia mazungumzo yaliyokatizwa na kengele ya shule.

La pili ni kusoma kwa sauti pamoja na mtoto. Mzazi anayeona aibu kusoma polepole atapata kisingizio kizuri: anamsaidia mwanawe kazi ya nyumbani. Wote wawili watanufaika. Mtoto anayemwona baba au mama ameshika kitabu hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa kusoma. Kurasa mbili baada ya chakula cha jioni zatosha; haba na haba hujaza kibaba, na kwa mwendo huo kitabu cha kurasa mia moja humalizika chini ya miezi miwili.

La tatu ni kuandika, na hapa panahitajika daftari moja na kalamu. Wengi hukwama kwa kudhani lazima waandike jambo kubwa. Waanze na wanayoyajua wao peke yao: majina ya babu na bibi wa pande zote mbili na mahali walikozikwa, mipaka ya shamba, nani alipanda mti ule wa mpakani na mwaka gani, mvua zilianza lini mwaka huu na zilikatika lini, namna bibi alivyokuwa akitengeneza dawa ya kikohozi au akihifadhi mahindi yasibunguliwe. Mzee mwenye kumbukumbu hizo akiondoka bila kuziandika, wajukuu hubaki wakibishana juu ya mpaka mbele ya baraza la ardhi. Daftari la namna hiyo ni fasihi ya ukoo, na pia ni ushahidi.

Anayetaka kwenda mbali zaidi aandike barua. Mtoto aliye shule ya bweni, ndugu aliye mbali, hata mwenzi wa ndoa wa miaka mingi, hakuna kati yao atakayeichukia barua iliyoandikwa kwa mkono. Naye anayehisi ana hadithi au mashairi ya kuonyesha ulimwengu afahamu kwamba ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo hushindaniwa kwa kazi za Kiswahili.

La nne ni kutosoma peke yake. Vikundi vya kuweka na kukopa hukutana kila wiki katika karibu kila kitongoji. Kikundi kikitenga dakika kumi na tano kabla ya kufungua sanduku, mwanachama mmoja akasoma sura moja na wengine wakasikiliza, hata asiyejua kusoma atashiriki. Kwa zamu hizo kikundi kitajipatia makatibu wapya, na siku ya kuandika katiba au andiko la mradi hakitatafuta mtu wa kulipwa.

Huduma zilizopo

Wananchi wanakumbushwa kwamba ofisi ya elimu ya halmashauri ina Afisa Elimu ya Watu Wazima. Kazi yake haiishii kwa wasiojua kusoma kabisa. Inamhusu pia aliyesahau, aliyekatisha masomo na anayetaka kujiendeleza. Wenye nia ya kuanzisha darasa au kikundi cha usomaji wawasilishe majina kwa Afisa Elimu Kata, naye atayafikisha panapohusika.

Maktaba za mikoa, na za wilaya pale zilipo, ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na tangu wakati huo lengo la huduma hiyo limekuwa kumfikia mwananchi wa kawaida, awe mwanafunzi au la. Mkazi anayekwenda mjini kwa shughuli nyingine aingie maktaba, aulize masharti ya uanachama na kuazima vitabu.

Kwa wenye simu janja, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bila malipo. Mzazi anaweza kusoma humo kitabu kilekile anachosoma mwanawe.

Shule za kata nazo zina vitabu ambavyo hukaa kabatini wakati wa likizo. Kuvifungua kwa wakazi ni jambo linalohitaji makubaliano kati ya uongozi wa shule, kamati au bodi yake na serikali ya kijiji: nani atatunza daftari la kuazima, nani atawajibika kitabu kikipotea, na mlango utafunguliwa siku zipi. Hoja hiyo inaweza kuletwa na mwananchi yeyote katika Mkutano Mkuu ujao wa kijiji. Ikiletwa kwa maandishi, itakuwa na nguvu zaidi.

Hitimisho

Mheshimiwa Diwani na ndugu wananchi, hakuna anayeombwa kurudi darasani, na hakuna atakayepimwa. Kinachoombwa ni kwamba kila aliyewahi kufurahia kusoma achague kitabu kimoja katika mwezi huu, na kila aliyewahi kuandikia wazee barua anunue daftari moja. Mwenye kuona maandishi yakicheza apime macho. Mwenye mtoto asome naye. Na karatasi ya mapato na matumizi itakapobandikwa tena ubaoni, wasimame mbele yake watu wanaoisoma hadi mstari wa mwisho na kuuliza maswali.